Uso usio na poda, na bei yake

Katika wiki ya mitindo ya Paris mwaka 2023, mwigizaji Pamela Anderson alijitokeza bila vipodozi. Madoadoa ya mashavuni yanaonekana, kope hazina wino, midomo ni ile aliyozaliwa nayo. Huyu ndiye mwanamke ambaye nyusi zake nyembamba kama uzi na wanja wake mzito viliigwa na wasichana wasio na idadi katika miaka ya 1990. Picha zikasambaa, pongezi zikamiminika. Sababu aliyoitoa mwenyewe haikuwa na kishindo: mpambaji wake wa miaka mingi, Alexis Vogel, alifariki mwaka 2019, na baada ya hapo akaona bora aachane na mambo hayo. Walimwengu waliona mapinduzi. Mimi, nikimsikiliza, nasikia zaidi msiba.

Neno lililorudiwa sana katika pongezi hizo ni "jasiri", na hapo ndipo panaponikwaza. Mwanamume akitoka nyumbani na uso aliolala nao haitwi jasiri, anaitwa mtu aliyekwenda kazini. Kiswahili chenyewe hakitusaidii: "uso mkavu" kwetu ni wa mtu asiye na haya. Anayejiremba naye hasalimiki. Anapigwa methali ya mkakasi, uzuri wa nje na ndani kipande cha mti. Asiyejiremba anaambiwa amejiachia.

Mchukue dada mmoja wa ofisini ambaye kila siku huja amepaka wanja na poda. Usiku mtoto amemkesha, asubuhi amechelewa, anaingia na uso mtupu. Wa kwanza anamuuliza, "Vipi, unaumwa?" Wa pili, "Jana ulilala kweli?" Wa tatu hasemi kitu, anamtazama tu kwa huruma. Kufika saa tano dada ametoka msalani na rangi ya midomo ya kuazima, na maswali yamekoma. Hakuna aliyemlazimisha. Ndivyo kipimo hiki kinavyofanya kazi, kwa upole kabisa.

Kwa hiyo wanaosema mastaa wanaoacha vipodozi wanasaidia wana hoja nzito. Jicho huzoea kile linachoona kila siku. Mwaka 2016 mwanamuziki Alicia Keys aliandika jinsi alivyokuwa akitoka nyumbani na hofu: ikiwa hajajipodoa, je, mtu akitaka kupiga naye picha? Ikiwa mwanamke mwenye sauti ile na tuzo zile aliogopa simu ya mpita njia, binti wa miaka 15 mwenye chunusi atafanyaje? Tena binti huyo hashindani na vipodozi peke yake. Mwaka 2023 TikTok ilileta filta ya Bold Glamour, ya kuurembesha uso kwenye video, iliyong'ang'ania uso kiasi kwamba hata ukipitisha mkono mbele yake ilikuwa vigumu kuigundua. Norway iliona tatizo hilo mapema. Tangu Julai 2022, tangazo la biashara lililochezea umbo au ngozi ya mtu lazima libandikwe alama ya kusema hivyo. Katika hali kama hiyo, uso wa mtu maarufu wenye mikunjo na madoa ni ushahidi kwamba ngozi ya binadamu ina vitundu.

Lakini tuangalie kinachofuata baada ya makofi. Mwaka 2020 Alicia Keys alizindua bidhaa zake za ngozi, Keys Soulcare. Anderson naye ni mmiliki mwenza wa Sonsie, kampuni ya bidhaa za ngozi. Siwalaumu kwa kufanya biashara, kizuri chajiuza. Ila ujumbe umegeuka kimyakimya: zamani uliambiwa ufiche ngozi yako, sasa unaambiwa uwe na ngozi isiyohitaji kufichwa. Hili la pili ndilo ghali. Makovu ya chunusi yanafunikwa kwa faundesheni ndani ya dakika kumi. Kuyaondoa kunataka daktari wa ngozi, miezi ya dawa, pengine mionzi ya leza, na usingizi wa kutosha, kitu ambacho yule dada wa ofisini hana. Kipodozi kina huruma ambayo ngozi haina. Aliyeungua moto akiwa mtoto anaijua huruma hiyo vizuri kuliko mimi.

Kuna na jambo la rangi. Kwa miaka mingi mwanamke mweusi alikuwa akisimama mbele ya kaunta ya vipodozi na kukuta faundesheni mbili tatu za kumgeuza majivu. Fenty Beauty ya Rihanna ilipoingia sokoni Septemba 2017 na rangi 40, wengi walipata kwa mara ya kwanza chupa inayofanana na shingo yao. Kumwambia mwanamke huyo kwamba sasa ustaarabu ni kuacha faundesheni ni kama kumwondoa mezani mara tu baada ya kumpa kiti. Na wapo wanaojipodoa kwa sababu wanapenda tu: mkono uliotulia, mstari wa wanja usioyumba, ufundi wenyewe. Kuwaita watumwa ni kutowasikiliza.

Mizani yangu inalalia kwingine kabisa, kwenye mshahara. Mwaka 2016 watafiti Jaclyn Wong na Andrew Penner walichapisha uchambuzi wa takwimu za Marekani ulioonyesha kwamba watu wanaoonekana wazuri hulipwa zaidi, na kwa wanawake karibu tofauti yote ilitokana na kujitunza na kujipamba, wala si sura ya kuzaliwa nayo. Halafu kuna kesi ya kasino ya Harrah's mjini Reno, hukohuko Marekani. Mhudumu wa baa, mwenye takriban miaka 20 kazini, alipoteza kazi mwaka 2000 kwa kukataa agizo la poda, rangi ya mashavu, maskara na rangi ya midomo. Wanaume walitakiwa kupunguza nywele. Mwaka 2006 mahakama ya rufani ilimkatalia: hakuwa ameonyesha kwamba masharti hayo yanawaelemea wanawake kuliko wanaume. Jaji Alex Kozinski, aliyekuwa miongoni mwa wachache waliopinga, alishangaa kama kweli mahakama inahitaji kuletewa ushahidi kwamba vipodozi vinagharimu pesa na muda. Anayetaka uthibitisho akasimame nje ya bafu asubuhi.

Mhudumu yule angetazama picha za Paris na kujiuliza zinamhusu nini. Staa anayeacha poda hapotezi mkataba, mara nyingi anaupata. Kilichobadilisha kitu kwa watu wa kazi za kawaida ni uamuzi mkavu wa kiofisi kama ule wa shirika la ndege la Virgin Atlantic, Machi 2019, wa kuondoa sharti la vipodozi kwa wahudumu wake wa kike wa ndege. Haukuwa na zulia jekundu, na haukumkataza mtu kujipaka. Nawafikiria wawili kati yao kwenye njia ileile ya katikati ya viti, mmoja na midomo myekundu, mwenzake na uso alioamka nao, na abiria wa kiti cha 32 hataki kwao chochote zaidi ya glasi ya maji.