Bibi wa Ghorofa ya Tisa

Mwaka wangu wa kwanza Guangzhou niliwasema sana Wachina. Watu gani hawa, nilimwambia mama kwenye simu, wanazaa halafu hawakai na watoto wao? Mama akacheka tu. Muda huo mwanangu wa miaka miwili alikuwa mgongoni kwake, Morogoro.

Jirani zangu wa ghorofa ya tisa, mke na mume, wote wako kwenye kampuni za programu. Ratiba yao inaitwa 996: saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita kwa wiki. Kwa saa zetu ingekuwa 336, ila uchovu ni uleule. Sheria ya kazi ya China inasema saa nane kwa siku, na Agosti 2021 Mahakama ya Juu ilitamka wazi kwamba 996 ni kinyume cha sheria. Taa za maofisini bado zinawaka usiku.

Anayelea ni bibi mzaa baba. Saa kumi na nusu jioni getini kwa shule wamejaa mabibi na mababu. Yeye huupokea mkoba wa mjukuu, akauvaa kifuani, akamfuta jasho chini ya skafu nyekundu ya shule, huku akimgombeza kwa nini chupa ya maji haijaisha. Mama mtu yumo kwenye kundi la WeChat la darasa. Mwalimu akituma tangazo, kila mzazi lazima ajibu "shoudao", yaani nimepokea. Nimewahi kumkuta kwenye lifti saa nne usiku, viatu mkononi, anaandika shoudao.

Hao angalau wanalala nyumba moja na mtoto. Kwenye kiwanda cha vigae Foshan, ninakofuatilia mizigo ya wateja, wanawake wengi wameacha watoto kijijini Hunan au Guizhou, kwa sababu usajili wa makazi, hukou, unaifungamanisha shule ya mtoto na kule walikotoka. Mmoja huegemeza simu kwenye boksi saa ya chakula, mwanawe anamsomea kitabu. Kuonana ni Mwaka Mpya wa Kichina.

Sisi Dar je? Mtu anatoka Chanika saa kumi na moja alfajiri kwenda Posta, anarudi mtoto kalala. Mtoto kashinda na dada wa kazi, binti wa Singida, ambaye pengine naye kamwachia mama yake mtoto. Na likizo ya uzazi kwetu ni siku 84, baba siku 3. Hapa kwenye jimbo letu, Guangdong, mama anapata 178, baba 15. Kwa hilo wametuacha mbali, tusibishane.

Ila kinachoniuma zaidi si siku. Bibi wa ghorofa ya tisa ana sauti: anagombana na mkwewe kuhusu uji na nguo za baridi, tunawasikia ukutani, na mara nyingi bibi ndiye anayeshinda. Dada wetu akijibu mara moja tu, anafungashiwa virago. Tunamkabidhi mtoto siku nzima, halafu tunamnyima neno juu ya mtoto huyohuyo.

Hata hao mabibi wa Kichina hawatakuwepo milele. Walipatikana kwa sababu mwanamke wa kiwandani alistaafu akiwa na miaka 50, wa ofisini 55. Tangu Januari 2025 umri huo unapandishwa polepole, kwa miaka 15, hadi 55 na 58. Serikali hiyohiyo tangu 2021 inaruhusu watoto watatu. Huyo wa tatu ataachiwa nani, kama bibi bado yuko kiwandani?

Haya yote nilimsimulia mama juzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mimi je, mwanangu, nastaafu lini?"

Nimekata tiketi ya Julai. Swali lake sijui nitalijibu nini.