Kufuta akaunti siyo kukamata mhalifu

Katika miezi mitatu ya mwanzo ya 2019, Facebook ilifuta akaunti feki bilioni 2.2. Idadi hiyo ilikaribia jumla ya watumiaji wake wa mwezi. Kampuni ilieleza kwamba nyingi zilidakwa dakika chache tu baada ya kufunguliwa, na hilo silibishi. Ninachobisha ni mazoea ya kuzianika tarakimu za aina hii kana kwamba zinathibitisha uhalifu unapungua. Tapeli akifutiwa akaunti ya bure anafungua nyingine, basi. Mtandao wa kijamii mimi ninaupima kwa mambo mengine: mhalifu alipata taabu kiasi gani kumfikia mtu wa kwanza, aliyeibiwa akaunti alirudishiwa baada ya saa ngapi, na mpelelezi alipouliza alikuta nini.

Taabu hiyo haiji kwa kudai namba ya simu peke yake. Zipo huduma zinazokodisha namba kwa ajili ya kupokea meseji moja tu ya uthibitisho. Kinachomkera tapeli ni akaunti changa kunyimwa makali: isiandikie watu wengi isiowajua, isitume viungo inboksi, isirushe matangazo mpaka anayeyalipia ajulikane ni nani. Tapeli anaishi kwa hesabu. Meseji elfu kumi zikinasa watu wachache, siku yake imelipa. Akibanwa asivuke meseji ishirini kwa wageni, anahitaji akaunti mia tano kufanya kazi ileile, na kila moja ina gharama yake. Mtumiaji mpya wa kweli hatahisi chochote, maana ni wachache mno wenye haja ya kuwaandikia wageni mia siku ya kwanza.

Ukomo wa namna hiyo uwekwe hata kwenye huduma zinazoonekana hazina madhara. Taarifa za watumiaji wa Facebook wapatao milioni 533, zilizomwagwa hadharani mwaka 2021, hazikutokana na mtu kuvunja seva. Kulikuwa na huduma ya kupakia orodha ya namba za simu ili umtafute rafiki. Watu wakapakia namba kwa wingi, mfumo ukawajibu kila namba ni ya nani. Mwanya huo ulizibwa 2019, na Novemba 2022 mdhibiti wa faragha wa Ayalandi akaitoza kampuni faini ya yuro milioni 265. Kuhesabu maombi ya kila akaunti peke yake hakusaidii, kwa sababu mwizi hugawa kazi kwa maelfu ya akaunti zinazouliza polepole. Hesabu lazima ifanywe pia kwa kifaa na kwa mtandao unaotumika.

Akaunti mpya zikibanwa, wahalifu huhamia kwenye akaunti kongwe za watu. Hapa ndipo ninapoona uzembe mkubwa zaidi. Wizi wenyewe huenda hivi: mtu anapokea meseji kutoka kwa "rafiki" ambaye naye ameshaibiwa, akiomba atumiwe namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu "kwa makosa". Akishaitoa, mwizi anaingia, anabadilisha barua pepe, anabadilisha namba ya simu, kisha anawasha uthibitisho wa hatua mbili kwa programu iliyo kwenye simu yake mwenyewe. Kinga iliyowekwa kumlinda mwenye akaunti sasa inamfungia nje. Baada ya hapo ndugu na marafiki wanaanza kuombwa hela.

Tiba yake inajulikana. Barua pepe ikibadilishwa, ile ya zamani ibaki na uwezo wa kurudisha akaunti kwa siku kadhaa, na itumiwe kiungo cha "siyo mimi" kinachofuta mabadiliko yote kwa mpigo: nywila, namba, programu ya uthibitisho, na programu za nje zilizopewa ruhusa. Kiungo hicho pia kitoe nje vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Kosa la kawaida ni mfumo kubadilisha nywila huku ukiacha vifaa vilivyokwisha kuingia viendelee. Mwenye akaunti anashangilia, na mwizi bado yumo ndani anasoma meseji.

Kuna na wizi usiogusa nywila kabisa. Programu hasidi kwenye kompyuta inanakili kumbukumbu za kivinjari zinazoujulisha mtandao kwamba mtu huyu ameshaingia. Mwizi akiziweka kwenye kivinjari chake, haulizwi nywila wala hatua ya pili. Ndiyo maana nywila iulizwe upya kila mtu anapotaka kubadilisha barua pepe au namba, na kikao, yaani ile hali ya kuwa umeshaingia, kifungamanishwe na kifaa kilichokifungua. Mtandao unaoruhusu barua pepe ibadilishwe bila swali lolote, kwa sababu tu mtu yumo ndani, umejitakia.

Wafanyakazi nao ni mlango. Julai 2020 vijana waliwapigia simu wafanyakazi wa Twitter wakijifanya watu wa idara ya kompyuta, wakapata njia ya kufikia zana za ndani. Walilenga akaunti 130 na kuandika kupitia 45, zikiwamo za Barack Obama na Elon Musk, wakiomba bitcoin. Zaidi ya dola 100,000 zilikusanywa kwa saa chache. Zana inayoweza kubadilisha barua pepe ya mtumiaji yeyote haipaswi kutii mtu mmoja: itake idhini ya mtu wa pili na ufunguo halisi wa kuchomeka, na kila inapofunguliwa jina la aliyeifungua liandikwe.

Kwenye picha haramu, hasa za watoto wanaodhulumiwa kingono, sifa zinastahili kutolewa. Teknolojia ya PhotoDNA, iliyotengenezwa 2009 na Microsoft pamoja na mwanasayansi wa kompyuta Hany Farid, hugeuza picha kuwa msururu wa namba unaobaki karibu uleule hata picha ikipunguzwa ukubwa au kubadilishwa rangi kidogo. Hashi ya kawaida, yaani alama ya namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili, haiwezi hilo. Pikseli moja ikibadilika, hashi nzima inakuwa nyingine. Kwa picha ya utupu inayotumiwa kumtisha mtu mzima, huduma ya StopNCII, iliyoanza 2021, inamwezesha mhusika kutengeneza hashi kwenye simu yake mwenyewe. Inayotumwa kwenye mitandao shiriki ni hashi peke yake, picha haitoki. Udhaifu wake ni mmoja na haukwepeki: mfumo unatambua picha iliyokwisha kuorodheshwa tu. Picha mpya inapita.

Ndipo tunabaki kutegemea watu waripoti, na kitufe cha kuripoti kina hila zake. Shambulio la misikiti ya Christchurch, New Zealand, la Machi 15, 2019 lilirushwa mubashara kwa dakika 17, na ripoti ya kwanza ya mtumiaji iliingia dakika 29 baada ya video kuanza. Facebook ikaeleza kwamba wakati huo foleni ya haraka kwa video za mubashara ilikuwa ya ripoti za kujiua. Ripoti hii iliwekewa sababu nyingine, ikafuata utaratibu mwingine. Yaani aina ya kosa unayochagua ndiyo inayoamua foleni. Anayetishiwa kusambaziwa picha akichagua "spam" kwa sababu ndiyo ya kwanza kwenye orodha, amejipeleka mwisho wa mstari. Wingi wa ripoti nao usiwe hukumu, la sivyo genge lolote linaweza kumfungia mwandishi akaunti kwa kubonyeza kwa zamu.

Tuje kwenye ushahidi, ambao ndio unaopotea kwa haraka ya kufuta. Kabla ya kufuta, mtandao uweke kando nakala iliyofungwa: ujumbe, muda, namba ya ndani ya akaunti (ile ambayo mtandao wenyewe huipa) na anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha muunganisho wa intaneti uliotumika. Sheria ya Marekani inaruhusu vyombo vya dola kuomba data ihifadhiwe siku 90, na kuongeza 90 nyingine wakati hati ya mahakama inatafutwa. Lakini ombi haliwezi kuhifadhi kilichokwisha kufutwa.

Hata data ikiwepo, mara nyingi imekatika mkia. Kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya IP kwa wakati mmoja. Mpelelezi akipewa anwani na saa bila namba ya poti, ile inayotenganisha wateja wanaochangia anwani moja, kampuni ya simu itamjibu kwamba waliokuwa kwenye anwani hiyo ni mamia. Hili si jambo jipya: waraka wa kiufundi RFC 6302 wa 2011 ulishapendekeza seva ziandike poti, na muda kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia) hadi sekunde. Muda ukikosewa kwa tofauti ya saa za eneo, polisi wanaweza kubisha mlango wa mtu asiyehusika.

Kwa anayetapeliwa, maana yake ni hii: usianze kwa kublok. Nakili kiungo cha ukurasa wa mhusika na cha ujumbe wenyewe, andika tarehe na saa, kisha ripoti. Picha ya skrini inasaidia, lakini jina linaloonekana juu yake hubadilishwa kwa sekunde tano. Namba ya ndani ya akaunti haibadiliki.

Maombi ya data yanayotoka nje ya nchi yanaweza kuchukua miezi, na kumbukumbu za seva hazisubiri. Mkataba wa Budapest wa 2001 kuhusu uhalifu wa mtandaoni uliweka mtandao wa maofisa wanaopatikana saa 24 ili data igandishwe mapema, na kampuni zingepaswa kuuzoea kuliko zinavyouzoea sasa. Ila zisikubali kila anayejiita polisi. Wahalifu wameshadukua barua pepe za polisi na kutuma maombi feki ya dharura ili wapewe anwani na namba za watu. Ombi la dharura lipitie tovuti maalumu ya maofisa waliosajiliwa, na anayelipokea apige simu kituoni kwa namba aliyoitafuta mwenyewe, siyo ile iliyoandikwa kwenye ombi.