Mililita za maji kichwani: namba bila njia yake haitoshi

Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali ya watoto ya CURE, mjini Mbale, mashariki mwa Uganda. Watoto wachanga 100 waliojaa maji kichwani (hydrocephalus) baada ya maambukizi waligawanywa kwa kura. Wengine waliwekewa shanti, yaani mrija wa kupeleka maji ya ubongo tumboni. Wengine walifanyiwa upasuaji wa endoskopi unaoyafungulia maji njia mpya na kuchoma tishu inayoyatengeneza. Baada ya miezi 12 hapakuonekana tofauti ya maana kati ya makundi hayo katika ukuaji wa akili, wala katika ujazo wa ubongo uliopimwa kwa picha za CT, yaani picha za mionzi zinazoonyesha kichwa tabaka kwa tabaka.

"Ujazo wa ubongo" ni maneno mepesi yakiwa kwenye jedwali. Kila kipimo cha aina hiyo kinadai mtu au programu iamue, tabaka kwa tabaka, ubongo unaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Msimamo wangu ni kwamba uamuzi huo ni sehemu ya kipimo, kama mizani ilivyo sehemu ya uzito wa mtoto kliniki, na programu za chanzo huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, ndizo zinazotuwezesha kuuweka wote mezani. Makala inayosema tu "tulitumia 3D Slicer", programu huria ya kutazama na kupimia picha za hospitali, bado haijaweka chochote mezani.

Kazi nyingi huharibika hata kabla programu haijafunguliwa. Filamu iliyopigwa picha kwa simu haifai kupimia ujazo, na JPEG kutoka kompyuta ya wodini haifai pia. Faili ya DICOM, muundo ambao mashine za hospitali huhifadhia picha, hubeba ukubwa wa pikseli, mahali kila tabaka lilipo, na thamani za Hounsfield, yaani kipimo cha jinsi kila kitu kinavyozuia mionzi, ambazo kwazo maji ni 0 na hewa ni −1000. JPEG hubaki na rangi za kijivu za dirisha, yaani kiwango cha weusi na weupe, alilolichagua mtu mwingine kwa kazi nyingine. Omba DICOM, tena uombe mapema: mara nyingi tabaka nyembamba za milimita 1 hukaa kwenye mashine kwa muda mfupi, na zinazopelekwa kwenye hifadhi ya kudumu ni zile nene za milimita 5.

Kwa kuzipokea, Orthanc inatosha kabisa. Ni seva huria ya DICOM iliyoanzia hospitali ya chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji, na inakaa kwenye kompyuta ya kawaida. Hupokea picha kupitia poti 4242, na ukurasa wake hufunguka kwenye poti 8042. Weka nywila yako na usiiache wazi kwenye intaneti. Ina kitufe cha kuficha utambulisho, na hapo ndipo watafiti wa watoto hujikwaa: tarehe ya kuzaliwa inaondoka pamoja na jina. Kwa mtu mzima hasara inaweza kuwa ndogo. Kwa mtoto wa miezi 4 kipimo kimekufa, kwa kuwa ubongo wake hulinganishwa na wa watoto wa umri wake. Kokotoa kwanza umri kwa siku alizokuwa nazo alipopigwa picha, uuandike kwenye jedwali la namba za utafiti, kisha ndipo ufiche utambulisho. Kumbuka pia kwamba tabaka nyembamba za kichwa zikijengwa kwa pande tatu hutoa sura ya mtoto. Jina limefutwa, lakini uso bado upo. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za Kenya na Uganda za 2019, na ya Tanzania ya 2022, zinamhusu mtafiti moja kwa moja, basi usirushe picha hizo kwenye kundi la WhatsApp kuomba ushauri.

Sasa hesabu yenyewe. DICOM huandika unene wa tabaka, na kando yake huandika mahali tabaka lilipo. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Tuseme tabaka zina unene wa milimita 5 lakini zimepangwa kila baada ya milimita 2.5, kila moja ikilalia nusu ya mwenzake. Maji yanaonekana kwenye tabaka 40, kila moja kwa wastani wa sentimita 30 za mraba. Ukizidisha kwa nafasi halisi unapata mililita 300. Ukizidisha kwa unene unapata 600. Hakuna programu itakayolalamika ukiifanya hesabu hii mwenyewe kwenye Excel. 3D Slicer na dcm2niix, programu ndogo ya kugeuza faili za DICOM, husoma nafasi halisi, na Slicer hutoa onyo pale tabaka zinapokuwa hazijapangana sawa au moja linapokosekana. Onyo hilo lisomwe, lisifungwe tu. Kwa CT ya kichwa, mara nyingi mashine huwa imeinamishwa; dcm2niix hunyoosha mwinamo huo na kutoa faili lenye neno Tilt kwenye jina. Amua moja kwa utafiti mzima: faili lililonyooshwa kwa watoto wote, si kwa baadhi.

Kuchora mipaka kwenye Segment Editor, sehemu ya kuchorea ndani ya Slicer, kuna mpangilio unaofanya kazi. Anza na kizingiti cha Hounsfield, yaani namba ya kukatia, kutenga kilicho ndani ya fuvu, kisha kizingiti cha maji. Ondoa visiwa vidogo, lainisha kwa kichujio cha mediani, halafu sahihisha kwa brashi. Tatizo la watoto wachanga ni kwamba ubongo wao una maji mengi, na tishu nyeupe ambayo haijakomaa inakaribiana mno na maji kwenye kipimo cha Hounsfield. Ongeza mionzi midogo wanayopewa, ambayo huacha chenga nyingi kwenye picha, na utaona kizingiti kikila ubongo upande mmoja na kuacha maji upande mwingine. Punguza chenga kabla ya kuweka kizingiti, na uandike kichujio ulichotumia na ukubwa wake. Andika pia umechukua ujazo upi: Segment Statistics, sehemu ya Slicer inayotoa namba, huweza kutoa ule wa kuhesabu vokseli (vijimraba vya picha vya pande tatu) na ule wa uso uliolainishwa, na mara nyingi haulingani.

Usitegemee programu zilizotengenezwa kwa MRI ya watu wazima zikuokoe hapa. FreeSurfer, programu ya kupima sehemu za ubongo kwenye MRI, ni kazi kubwa na ya kuheshimika, lakini hutegemea ramani ya ubongo wa kawaida. Ventrikali, yaani vyumba vya maji ndani ya ubongo, zikishaubana ubongo ukawa utando mwembamba ukutani, ramani hiyo haina pa kushika.

Kupima makubaliano kati ya wachoraji wawili, watu hukimbilia Dice, namba kati ya 0 na 1 inayoonyesha michoro inalaliana kiasi gani, na ikizidi 0.9 wanafurahi. Mchoraji mmoja amepata mililita 200, mwingine 180, na mchoro wa pili wote umo ndani ya wa kwanza. Dice ni 360 kugawanya kwa 380, karibu 0.95. Inapendeza, ilhali kuna tofauti ya mililita 20 inayoelekea upande mmoja daima. Ripoti Dice, sawa, lakini weka kando yake wastani wa tofauti na mipaka ambamo tofauti nyingi huangukia.

Halafu kuna jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha: shanti inaonekana kwenye CT. Mchoraji anajua papo hapo mtoto yupo kundi gani, hata ukimficha jina. Dawa ninayoiamini ni kufunga kanuni kabla ya picha ya kwanza ya matokeo kufunguliwa: kizingiti, kichujio, na kama maji yaliyokusanyika nje ya ventrikali baada ya shanti kunyonya kupita kiasi yanahesabiwa au hayahesabiwi. Hilo la mwisho likiachwa hewani, linaweza kugeuza jibu.

Wapo wanaosema programu ya kulipia ni salama zaidi kwa sababu ina kibali. Kibali ni cha matibabu, na ni kweli 3D Slicer si kifaa kilichoidhinishwa kuamulia nani apasuliwe. Utafiti unadai kitu kingine, yaani mtu mwingine aweze kurudia. Mwaka 2016 Eklund na wenzake, walipochunguza takwimu za MRI tendaji, inayoonyesha ubongo ukifanya kazi, walieleza pia kosa la msimbo lililokuwa limekaa miaka 15 ndani ya AFNI, ambayo ni programu huria, na likarekebishwa. Nalikubali fundisho lake lote: msimbo ulikuwa wazi miaka hiyo yote na kosa likapita. Uwazi unahitaji wasomaji. Na toleo nalo lina uzito: Gronenschild na wenzake mwaka 2012 walionyesha kuwa kubadili toleo la FreeSurfer kulihamisha vipimo vya ujazo kwa wastani wa asilimia 8.8 kwenye picha zilezile. Usiboreshe programu katikati ya utafiti.

Ukiwa tayari na michoro mingi ya mkono, nnU-Net, programu huria ya akili bandia, inaweza kujifunza kuchora yenyewe. Inataka kadi ya picha yenye kumbukumbu ya gigabaiti 10 au zaidi, na mafunzo ya kawaida ni mizunguko 1000 kwa kila mgawanyo kati ya mitano wa picha za kujifunzia na za kujaribia. Umeme ukikatika, unaendelea kwa kuongeza --c kwenye amri ileile. Kosa la hatari liko kwenye mgawanyo: nnU-Net hugawa picha, haijui kwamba picha mbili ni za mtoto mmoja, kabla na baada ya upasuaji. Moja ikiingia kwenye mafunzo na nyingine kwenye majaribio, matokeo yatang'aa kwa uongo. Andika mwenyewe faili la splits_final.json, mtoto kwa mtoto, na ulichapishe pamoja na makala.