Saksofoni Bila Piano: Upweke Unaofichua na Upweke Unaoficha

Miongoni mwa walimu wa saksofoni ya muziki wa klasiki ipo kauli iliyorudiwa mara nyingi hadi ikawa kama sheria: ukitaka kujua mpigaji amefika wapi, msimamishe jukwaani peke yake, bila piano, apige kazi iliyoandikwa kwa ala moja tu. Piano, wasema hao, ni nguo, na ikivuliwa kila kovu litaonekana. Wapo kwa upande mwingine wanaoona kwamba kumwacha mpuliza saksofoni peke yake ni kumpunja yeye na msikilizaji pia, kwa sababu ala hiyo hutoa sauti moja kwa wakati mmoja, ilhali muziki inaourithi umejengwa juu ya sauti kadhaa zinazopatana na kupingana. Kila upande una hoja, lakini kauli ile ya kwanza imeaminiwa kupita kiasi. Upweke wa jukwaani hufichua mambo fulani bila huruma, na wakati huohuo huficha jambo moja ambalo mwalimu yeyote angependa kulijua.

Tuanze na haki ya wanaoutetea. Adolphe Sax alipata hataza ya saksofoni mjini Paris mwaka 1846, na kuanzia 1857 alifundisha wanamuziki wa jeshi katika Konservatori ya Paris, chuo kikuu cha muziki cha mji huo, hadi darasa hilo lilipofungwa mwaka 1870. Saksofoni haikurudi kufundishwa hapo mpaka mwaka 1942, darasa lilipokabidhiwa mpiga saksofoni Marcel Mule. Kwa hiyo ala hii ilifika katika ukumbi wa klasiki ikiwa imechelewa, na kazi zake za kupigwa bila usindikizaji zilichelewa zaidi. Zilipokuja, hata hivyo, zilikuja na akili yake. Paul Bonneau aliandika mwaka 1950 Caprice en forme de valse na kumtunukia Mule. Jeanine Rueff akafuata na sonata ya saksofoni pekee mwaka 1967. Katika miaka ya 1970 Mjapani Ryo Noda akatoa Improvisation I na Mai. Na mwaka 1981 mtunzi Luciano Berio akaigeuza Sequenza yake ya klarineti, moja ya mfululizo wa kazi zake za ala moja, kuwa Sequenza IXb ya saksofoni ya alto. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoandikwa kwa sababu mpiga piano alikosekana. Anayesema kwamba saksofoni peke yake ni muziki uliokatwa mguu anapaswa kwanza kueleza ni wapi hasa, katika kurasa hizo, angeuweka mguu huo.

Jambo ambalo upweke hulifichua kweli ni namna mpigaji anavyoushika wakati. Piano inapokuwepo, mapigo hubebwa na watu wawili, na mpulizaji anayefupisha noti ndefu au kuharakisha kipande kigumu hurudishwa barabarani na mkono wa kushoto wa mwenzake bila hadhira kujua. Akiwa peke yake, noti ndefu ina urefu ule anaoutoa yeye, na kimya ni kirefu kadiri anavyoweza kukivumilia. Hapo ndipo wengi huanguka. Vidole vyao ni vyepesi, pumzi yao ni ya kutosha, lakini kimya kinapoandikwa wanakikimbia kana kwamba ni aibu inayopaswa kufunikwa upesi. Pumzi nayo huanza kusikika kama sehemu ya sentensi: mahali anapovuta hewa panakuwa koma, atake asitake, na koma iliyowekwa mahali pasipo pake huvunja maana ya wimbo kama inavyovunja maana ya maandishi. Vilevile mwanzo wa kila noti, yaani ule mguso wa ulimi kwenye tete, pamoja na mgongano wa vifuniko vya ala, vyote hubaki wazi. Katika haya yote, wanaosema kwamba nguo imevuliwa wamesema kweli.

Lakini sauti yenyewe, je, iko sawa au imepanda, au imeshuka? Hapa hoja yao inapinduka. Piano hurekebishwa sauti kabla ya onyesho, mara nyingi kwenye noti ya A yenye mitetemo 440 au 442 kwa sekunde, na haiwezi kusogea. Ni saksofoni inayopaswa kuifuata. Nayo saksofoni ni ala yenye ukaidi. Ikiwa baridi hushuka, ikipata joto hupanda. Mpigaji akipuliza kwa nguvu, sauti huelekea kushuka, na akipuliza kwa upole huelekea kupanda, isipokuwa mdomo na koo lake virekebishe. D ya kati, ile inayopigwa kwa vidole karibu vyote pamoja na kitufe cha oktava, hupanda kwenye ala nyingi, ilhali C-kali (C#) ya kati, inayopigwa vidole vyote vikiwa wazi, huelekea kushuka. Mbele ya piano kila moja ya tabia hizo hugeuka kosa linalosikika papo hapo. Bila piano, hadhira haina kipimo cha nje. Sikio humfuata mpigaji, na akipanda polepole katika muda wa dakika nane, karibu wote hupanda naye kwa amani. Mwenye sikio kali atagundua oktava mbaya au noti moja inayotofautiana na dada yake, lakini mteremko au mpando wa jumla hupita bila kuulizwa pasi. Kwa hiyo mwalimu anayemtuma mwanafunzi wake jukwaani peke yake ili apime kila kitu anajinyima kipimo cha jambo ambalo saksofoni imelaumiwa kwalo zaidi kuliko ala nyingi.

Mtetezi anaweza kujibu kwamba uhuru huo si udhaifu bali ni zawadi, na nakiri kwamba jibu lake lina uzito. Piano imegawanya oktava katika hatua kumi na mbili zilizo sawa, jambo linaloleta maelewano ya haki kwa wote na utamu kamili kwa wachache. Mpigaji aliye peke yake anaweza kuisogeza noti inayoongoza, yaani ya saba katika ngazi, karibu zaidi na ile inayoielekea, au kuiacha tatu kubwa, yaani noti ya tatu ya ngazi kubwa, ipumzike chini kidogo ya mahali ambapo piano ingeilazimisha kukaa. Hilo ni kweli, ila linamfaa anayejua anachokifanya. Asiyejua hupata uhuru uleule na kuutumia kupotea.

Hata suala la makosa ya noti lina pande mbili. Anayesahau katikati ya sonata yenye piano huokolewa na mwenzake anayeruka mistari miwili kumdaka. Anayesahau peke yake hana wa kumdaka. Ila katika kazi ya kisasa isiyo na mistari ya mapigo, ni watu wangapi ukumbini watakaotambua kwamba amesahau? Nina shaka kama wanazidi watatu, na mmoja wao ni mwalimu wake.

Bach ni habari nyingine, kwa sababu Bach anajulikana na wengi na hakuandika kwa ajili ya saksofoni. Alifariki mwaka 1750, karibu karne nzima kabla ya hataza ya Sax. Hata hivyo suti zake sita za selo zimekuwa chakula cha kila siku cha wapiga saksofoni, na ubishi juu yake ndio mkali kuliko wote. Kwa upande wa sauti, jambo hili si la ajabu kama linavyoonekana: saksofoni ya baritoni iliyotengenezwa na A ya chini hufikia C ileile iliyo kwenye uzi wa chini wa selo, hivyo inaweza kupiga muziki huo katika kimo chake halisi. Kikwazo ni pumzi. Prelude, yaani kipande cha ufunguzi, ya suti ya kwanza ina vipimo vya mapigo (bar) 42, na isipokuwa alama ya kutulia karibu na katikati, mto wa noti fupi haukatiki mpaka karibu na mwisho. Mpiga selo hubadili mwelekeo wa upinde na kuendelea. Mpuliza saksofoni lazima ama aibe hewa mahali ambapo Bach hakuacha nafasi, ama atumie upumuaji wa mzunguko, yaani kuvuta hewa kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma akiba iliyomo mdomoni.

Wengine husifu njia hii ya pili kama ushindi. Mimi naiona kuwa jibu la swali lisilo sahihi. Muziki usiopumua kabisa humchosha msikilizaji, ambaye mwenyewe anapumua, na mpiga selo mzuri huupumzisha mstari wake ingawa mapafu yake hayahusiki. Afadhali hewa iliyovutwa mahali penye maana kuliko utepe mrefu usio na pindo. Tatizo la sauti zinazopigwa pamoja ni gumu zaidi: pale ambapo upinde hugusa nyuzi mbili au tatu, saksofoni hulazimika kuzivunja na kuzipiga moja baada ya nyingine, na uzito wa pigo huhama. Ndiyo maana si kila ukurasa wa suti hizo unahamishika kwa gharama moja. Sarabande, ile dansi ya mwendo wa polepole, ya suti ya tano haina hata mahali pamoja penye sauti mbili kwa wakati mmoja. Ni mstari mmoja mtupu, na saksofoni huuimba bila kuomba radhi kwa mtu. Anayechagua hiyo badala ya kurasa zilizojaa sauti za pamoja ameuelewa ubishi vizuri kuliko wanaoubishania.

Linganisha na kazi zilizozaliwa na saksofoni. Bonneau hujenga waltzi yake kwa kupanda na kushuka katika noti za pamoja zilizotawanywa, hata sikio hujikuta linasikia besi na usindikizaji ambao haupo. Noda huelekea kwingine kabisa: akiazima kutoka kwenye filimbi ya Kijapani iitwayo shakuhachi, huacha noti moja ikunjike, ipasuke, inyamaze, na kimya kinachofuata kina kazi sawa na noti. Kisha kuna Sequenza VIIb ya Berio, iliyotoka kwenye kazi ya obo ya mwaka 1969, ambamo noti moja tulivu hushikiliwa kutoka mahali pasipoonekana tangu mwanzo hadi mwisho, huku saksofoni ya soprano ikiizunguka. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya ala moja, nami sina ugomvi na hesabu hiyo, lakini inafaa kutambua kwamba humo mpigaji ameachiwa kitu cha kujipimia.

Ukumbi nao ni mshirika asiyeandikwa kwenye programu. Jengo lenye mwangwi hurefusha noti iliyopita hadi ikutane na ijayo, na mpigaji hupata upatanifu wa sauti bure; chumba chenye mazulia na mapazia humeza kila kitu na kumwacha na mstari mkavu. Anayepanga vimya vyake nyumbani na kuvileta ukumbini bila kuvipima upya amefanya nusu ya kazi.

Sababu ya mwisho inayotajwa kutetea upweke ni ya kimatumizi: mpiga piano hulipwa, mazoezi ya pamoja huhitaji muda, na sehemu za piano katika muziki wa saksofoni si nyepesi. Ni kweli, lakini kama sababu ya kuchagua muziki ni duni. Katika Sonata ya Paul Creston ya mwaka 1939 au ile ya Edison Denisov ya mwaka 1970, piano haisindikizi. Inazungumza na kujibu, na mpulizaji asiyewahi kupingwa na sehemu ya piano ya aina hiyo ana pengo ambalo kazi ya peke yake haiwezi kulijaza, hata aipige kwa ustadi gani.

Kwa hiyo ningependekeza kazi ya peke yake ipangwe katikati ya onyesho, si mwanzoni ambapo ala bado baridi na wala si mwishoni ambapo makofi hufunika kila kitu. Itanguliwe na kazi yenye piano na ifuatwe na nyingine. Sikio la ukumbi litaingia katika upweke likiwa bado na A ya piano, na mpiga piano atakaporudi kuketi na kugusa noti yake ya kwanza, mpulizaji na wasikilizaji wote watajua kwa pamoja ni umbali gani walikuwa wamesafiri.