Kwetu Milimani Tunauliza Kama Inapanda

Kamwene, wanyalukolo wote, ndugu zangu wa Iringa, mlioko Kihesa na mliotawanyika kama mimi niliye huku Italia.

Novemba 2024 nilikwenda kwenye maonesho ya pikipiki ya Milano, yale yanayoitwa EICMA, yaliyoanza tangu 1914. Unapanda metro ya mstari mwekundu, unashuka Rho Fiera, unafuata umati. Huko ndani nikamkuta bibi mmoja wa Kitaliano, sabini na kitu hivi, amemweka kitimoto kijana wa kuuza skuta. Mvi zake zimechanwa vizuri, mkoba begani, anauliza jambo moja tu kwa njia kumi: hii kitu inasimamaje? Reli za tramu zikilowa inasimamaje? Nikishika breki kwa kushtuka, inasimamaje? Akaambiwa kwamba ile Vespa Primavera ya 125 mbele ina breki ya diski yenye ABS, ile inayozuia gurudumu lisijifunge, ila nyuma ni dramu, breki iliyofungiwa ndani ya gurudumu. Bibi akarudi hatua moja. "Nyuma dramu? Kwa bei hii?" Kijana wa watu akaanza kutoka jasho.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyokuwa adabu. Nilifurahi, halafu nikakasirika, na hasira yenyewe haikumhusu bibi wala kijana. Ilikuwa ya Iringa.

Niseme kwanza kilichonipeleka, maana najua mtauliza mwanamke anatafuta nini kwenye maonesho ya pikipiki. Ninakwenda kazini kwa skuta. Leseni yetu ya Tanzania hapa hawaibadilishi, kwa hiyo nilikaa darasani na watoto wa miaka kumi na minane nikajibu maswali thelathini ya ndiyo na siyo, ukikosa manne umeanguka. Ukipata leseni ya gari, ndani ya Italia unaruhusiwa na 125. Skuta yangu imechoka, nikaenda kutazama mpya. Ducati mpya za V2 nilizipita tu, zimezungukwa na vijana walioinua simu. Honda nao walileta injini ya silinda tatu yenye kompresa ya umeme, watu wazima wanaipiga picha. Haya, hongereni. Mimi nilikwenda kukaa juu ya skuta.

Na kwa kuwa mtaniuliza: Honda SH125i ina magurudumu ya inchi 16, diski mbele na nyuma, ABS, na sakafu iliyo sawa kiasi cha kuweka mfuko wa sokoni kati ya miguu. Vespa ni nzuri kuitazama, na wazee wetu wanaikumbuka kwa mapadri, lakini magurudumu ya inchi 12 kwenye shimo ni adhabu, na bado ni ghali kuliko Honda. Kura yangu kwa SH. Hiyo ingeweza hata kupanda Ipogolo kwenda mjini bila kulia.

Mmeona? Hata mimi nimeandika "kupanda". Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Nenda duka lolote la pikipiki Iringa, au Mwanjelwa pale Mbeya, usimame ukisikiliza wateja. Inapanda? Inabeba? Spea zipo? Inakula mafuta kiasi gani? Maswali ya watu wenye akili, sibishi hata moja. Lakini swali la bibi yule hulisikii. Tunaishi juu ya milima, ndugu zangu. Kila tunachokipanda tutakiteremka. Tuna Kitonga, tuna mteremko wa Ipogolo, wenzetu wa Mbeya wana Mlima Nyoka na Iwambi, ambako hata watoto wadogo wanajua kunusa breki za lori zinazoungua. Halafu tunanunua pikipiki kama vile tutaishi tukipanda tu.

Najua, mmeshaanza. "Huyo amekula pasta miaka miwili mitatu, sasa breki zetu zinamnukia." "Wenzako tunatafuta hela ya kula, wewe unatuletea habari za ABS." Sawa. Nisikilizeni kabla hamjanizika.

Sisemi Wazungu wana akili kuliko sisi. Bibi yule si mhandisi. Anauliza breki kwa sababu amezoeshwa kwamba breki ni jambo la kuuliza, na amezoeshwa na sheria. Ulaya, tangu 2017, kila pikipiki mpya inayozidi cc 125 lazima iwe na ABS, yaani kifaa kinachohisi gurudumu linataka kujifunga na kuilegeza breki na kuikaza tena haraka haraka, ili tairi lisiteleze. Ndogo zaidi ya hapo, ukiacha zile za cc 50, lazima ziwe nayo au ziwe na breki iliyounganishwa, ukishika moja zinafanya kazi zote mbili. Muuzaji hana ujanja, ataziuza hivyo apende asipende. Bibi anabishania kilichobaki juu ya hapo.

Na msiniambie hayo ni ya Ulaya tajiri. Boxer na TVS tunazozipenda zinatoka wapi? India. Na India yenyewe, tangu Aprili 2019, pikipiki mpya ya zaidi ya cc 125 haiuzwi bila ABS, na ya cc 125 kushuka chini haiuzwi bila ABS au breki iliyounganishwa. Kwa hiyo kijana wa Pune akinunua pikipiki ya viwanda hivyohivyo anapata kitu ambacho kijana wa Ilula hapati. Boxer zilizojaa vijiweni kwetu nyingi ni dramu mbele, dramu nyuma. Kiwanda hakijatuonea. Kimetuuzia tulichouliza, na tuliuliza kama inapanda.

Fundi yeyote wa Mlandege atakueleza dramu inavyofanya kazi. Ndani mna breki shuu mbili zinazotanuka kusukuma ukuta wa chuma, na joto lote linabaki humo humo ndani. Ukiteremka kidogo, hakuna neno. Teremka Kitonga nyuma ya lori la mbao, umepakia mshikaki, abiria zaidi ya mmoja, na tenga la nyanya, umekanyaga breki ya mguu muda wote, joto linapanda mpaka breki shuu zinashindwa kukamata na mguu unazama bila kitu kutokea. Maji yakiingia, ni shida nyingine. Diski iko nje, upepo unaipooza, maji yanarushwa.

Kisha kuna ule ujanja wa kuzima injini na kuweka nyutro kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Mnaujua. Hapo unakuwa umeinyima pikipiki hata ile breki ya bure ambayo injini ingekupa.

Na breki ya mbele! Vijana wetu wanaiogopa kama nyoka. "Itakupindua." Wengine wamelegeza waya wake kabisa ili wasiiguse kwa bahati mbaya. Wakati ukweli ni kwamba ukifunga breki uzito mwingi unahamia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu kubwa ya kukusimamisha. La nyuma linabaki jepesi, linateleza. Kupindua kunatokana na kuifinya ghafla, tena kwenye mchanga au kona. Darasani hapa walitufundisha tuifinye taratibu kisha tuongeze. Hilo somo halihitaji euro wala ABS. Kijiwe kizima cha Ipogolo kingejifunza asubuhi moja, kabla abiria hawajawa wengi.

Sasa msidhani nawadharau madereva wetu. Wale jamaa wa Milano wana mashine zenye nguvu kuliko Noah, na Jumapili wanakwenda ziwa Como, wanakunywa kahawa, wanarudi. Nimpe mmoja Boxer ya mkataba, nimpakie madumu manne ya ulanzi, nimpeleke Kilolo wakati wa masika, ukungu umelala barabarani na utelezi ni ule wa kufunga cheni tairi la nyuma. Atalia kwa Kitaliano. Kijana wetu anapita hapo usiku, amembeba mama mjamzito katikati na shemeji nyuma, anafika. Sijaona Ulaya hii dereva wa kumfikia. Ndiyo maana inanikera. Dereva mzuri hivyo, na chombo tunachompa kina breki ambazo bibi wa Milano angezikataa kwa kwenda sokoni.

"Bei, shangazi." Hilo ni la mtoto wa kaka yangu, na hapa sasa tunaingia nyumbani kwangu. Kijana yuko Kihesa, amechoka kuwa deiwaka wa bodaboda kwa pikipiki ya mwenzake, kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri na kinachobaki ni nauli ya kurudi kulala. Ameniomba nimnunulie yake. Nikamwambia nitatoa, kwa sharti moja: iwe na diski mbele. Ukanyamaza ujumbe siku nzima. Kesho yake:

"Shikamoo shangazi. Diski itanisumbua. Ikivuja mafuta ya breki, fundi hajui, spea hamna. Watu wanaing'oa wanaweka dramu."

"Marahaba. Na wewe ukivuja, spea zako ziko duka gani?"

Akacheka, akanitumia picha ya Boxer nyekundu. Tumerudi pale pale.

Hoja yake siibezi. Ni kweli bei ni kitu. Ile SH ni euro elfu nne na ushee, ambazo kwetu ni zaidi ya milioni kumi na moja, na Boxer ni kama milioni tatu. Mtu mwenye milioni tatu za kukopa humwambii habari ya milioni kumi na moja, labda uwe umelewa. Lakini mimi sikutaja SH kwake. Natafuta diski moja mbele, na za Kichina nyingine huja nayo tayari. Tofauti ya hela si ya kutisha. Kinachotisha ni hilo la fundi, maana amesema kweli: nimeona kwa macho yangu pikipiki imeng'olewa diski kwa sababu tu mtu hakujua kutoa hewa kwenye mpira wa breki. Tunakitupa kitu kwa kukosa saa moja ya mafunzo, na chupa ndogo ya mafuta ya breki.

Kuna mwingine ataandika, namwona kabisa: "Breki hazisaidii kama dereva amekunywa." Sawa kaka, na breki mbovu humsaidia nani? Mwingine atasema ajali ni mapenzi ya Mungu. Mimi ni Mkatoliki wa Tosamaganga, nimelelewa na masista, sijawahi kusikia katekisimu inayomtaja Mungu kwenye breki shuu zilizokwisha. Na yule wa "rudi basi uje utufundishe": nauli unatoa wewe?

Wenye mamlaka nao nawasogelea kidogo, kwa adabu. Barabarani kwetu unasimamishwa, unaulizwa leseni, kofia ngumu, mshikaki. Vizuri, na endeleeni. Lakini kumwambia dereva "shika breki ya mbele nione" hakuhitaji bajeti. Na kumwambia mwagizaji kwamba kinachouzwa Pune ndicho kiuzwe Makambako, hilo linahitaji karatasi moja na mtu wa kuitia saini. Wahindi walifanya.

Mkataba wangu na kijana bado uko hewani. Nimempa mpaka Krismasi. Kwa hiyo, anayejua duka Iringa, Mafinga au Mbeya lenye pikipiki ya 150 iliyo na diski mbele, na zaidi ya duka, fundi anayejua kutoa hewa kwenye mfumo wake bila kuing'oa, aniandikie. Aweke na bei ya pedi za spea. Wanaotaka kunitukana nao waandike, ila waseme kwanza breki ya mbele ya pikipiki yao ilikaguliwa lini.