Mfarishi wa Kulalia Ubavu

Upole wa kiolezo ndio ulioniponza. Nilikuwa nimezoea violezo vya nguo, ambavyo hukuamrisha kama sajini: kata hapa, kunja pale, usithubutu kuvuka mstari. Hiki cha mfarishi kilisema kanda za kitambaa ziwe na upana wowote kuanzia inchi 1 hadi 3, rangi zifuatane moyo unavyopenda, zishonwe ubavu kwa ubavu, kisha kila kipande kipunguzwe kiwe mraba wa inchi 12 na nusu. Miraba 20, minne kwa mitano, na mfarishi wa viraka usio na pacha duniani uko tayari.

Nikamwahidi wifi yangu. Wifi huyu ahadi hazisahau, huziwekea tarehe.

Ili kujipa moyo nilitazama picha za mifarishi ya akina mama Weusi wa Gee's Bend, Alabama, huko Marekani, ile ambayo mwaka 2002 ilitundikwa kwenye jumba la sanaa la Houston na baadaye New York. Wamekata nguo za kazi zilizochakaa, wakaunga bila kuchora chochote, na mistari yao inayumba kama inacheza ngoma. Nikasema, kuyumba? Hilo ninaliweza bila kufundishwa.

Nikachagua kanda za inchi 1. Sababu haikuwa sanaa, ilikuwa hesabu: kanda 12 za inchi 1 ni inchi 12, na ile nusu iliyobaki nikaona itajitokeza yenyewe njiani. Urefu nilikata inchi 12 na nusu kamili, kwa hiyo mtu asiseme sikusoma maelekezo. Nilisoma nusu.

Kanda zote 240 nikazitia kwenye mfuko, nikawa natoa mojamoja bila kuangalia, maana ndivyo wanavyofanya wale wasiotaka kuchagua kwa mazoea. Kijani ilipotoka mara ya tatu mfululizo niliirudisha haraka nikajifanya sikuiona. Kubahatisha nako kuna mipaka.

Basi nikashona. Kila mraba mishono 11, mara 20, mishono 220. Vipande vilikuwa vinatoka vyembamba, nakiri niliona, ila nikajiambia ni macho, pasi itavinyoosha. Sikuinua rula mpaka siku ya kuunganisha. Nikapima cha kwanza: inchi 6 na nusu kwa 12 na nusu. Nikageuza rula, labda nimeishika vibaya. Nikapima cha pili, cha tano, cha ishirini. Vyote sawasawa. Katika maisha yangu ya ushonaji sijawahi kukosea kwa usahihi kiasi kile.

Wanaoshona wameshacheka. Mshono humeza robo inchi ya ukanda huu na robo inchi ya jirani yake. Mishono 11 kwa nusu inchi ni inchi 5 na nusu, na zote zilikuwa pale nyuma, zimelala, zimepigwa pasi vizuri kabisa. Ukanda wa inchi 1 ukibanwa pande zote mbili unabakiwa na nusu. Kumbe sikuwa nimekata kanda. Nilikuwa nimekata nafasi za mshono, na rangi kidogo ya kuzipambia.

Nikaunganisha hivyo hivyo, kwa hasira. Upana ukawa inchi 24, urefu 60. Wifi akapita kuangalia maendeleo.

"Wifi, huu ni wa kitanda au wa ngazi?"

"Ni wa kisasa."

"Sasa mimi nitalalaje?"

"Kwa ubavu."

"Na nikitaka kugeuka?"

"Unageuka papo hapo."

Alipoondoka nikakumbuka kwamba mifarishi ya kisasa hupenda uwazi mkubwa, eneo tupu linaloachwa makusudi ili macho yapumzike. Nikakata vitambaa viwili vyeupe, kimoja inchi 15 na nusu, kingine 9 na nusu. Naam, na nusu. Hiyo nusu niliipima mara tatu. Kimoja nikakiunga kushoto, kingine kulia, visilingane, na upana ukafika inchi 48. Zile rangi zikasimama katikati ya weupe kama zilitumwa. Nilitembea kuuzunguka mfarishi nikiitikia kwa kichwa.

Ikabaki kushona matabaka matatu pamoja: uso, pamba ya katikati, na kitambaa cha nyuma. Nikayapiga bandi kwa pini, nikaviringisha upande mmoja ili upite chini ya mkono wa cherehani, uliobaki nikaupakata mapajani. Nikaanzia katikati kwenda pembeni, kama inavyotakiwa. Mashine ikaanza kunguruma kwa sauti nzito kidogo. Nikasema pamba hiyo.

Mlango ukabishwa. Wifi. Nikasimama, na mfarishi ukasimama nami.

Nilikuwa nimelishona gauni langu. Shubiri nzima ya mshono, pale juu ya goti, imepita matabaka matatu na la nne ambalo ni mimi. Nikajaribu kufumua, lakini uzi uko chini ya mfarishi, mfarishi uko juu yangu, na wifi anaita, "Wifi, upo?" Niko, tena nimefungwa. Mkasi ulikuwa kwenye meza ya pasi. Nikauendea nikiburuta blanketi zima kama bibi harusi, nikakata gauni kuuzunguka mshono, nikatandika mfarishi mezani, nikafungua mlango nikihema.

Wifi aliutazama kimya. Akaugeuza. Akasimama penye kile kiraka cha maua, kidogo, chenye kingo zilizokatwa ovyo, peke yake katikati ya kitambaa cheupe cha nyuma.

"Mbele ni kuzuri," akasema, "ila hapa ndipo umeniweza. Hiki kiua umekiwaza muda gani?"

"Siku nyingi," nikajibu.

Akakipapasa. Halafu macho yake yakashuka taratibu kwenye gauni langu, lenye maua yale yale na tundu juu ya goti.

"Na hilo nalo," akauliza, "ni la kiolezo hicho hicho?"