Kulipwa na chuo, kusimama na mwanafunzi

Mtu anayeajiriwa na chuo kuzuia ukatili wa kingono hulipwa na taasisi ileile ambayo huenda siku moja akalazimika kuiambia kwamba kuna mhadhiri ambaye wanafunzi wanamkwepa, na kwamba wakubwa wamelijua hilo siku nyingi. Ugumu wa kazi hii uko hapo. Anayeifikiria kama ajira ya kudumu aanzie hapo kabla ya kuulizia mshahara.

Wanaoitilia shaka wana hoja nzito. Wanasema vitengo vingi vya aina hii vimezaliwa na shinikizo la sheria. Marekani ilipitisha sheria ya Title IX mwaka 1972 kuzuia ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Mwaka 1990 ikaja sheria ya Clery, iliyotokana na kifo cha Jeanne Clery, mwanafunzi aliyeuawa bwenini mwaka 1986, ikavitaka vyuo vitangaze takwimu za uhalifu. Marekebisho ya mwaka 2013 yakaongeza wajibu wa kuwapa elimu ya kinga wanafunzi wapya na wafanyakazi. Nia ni njema, lakini sheria ikidai semina, chuo kitafanya semina. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hukusanywa ukumbini, huoneshwa video, husaini karatasi ya mahudhurio, na faili likafungwa. Aliyekuja kulinda watu anajikuta anatunza karatasi.

Hatari nyingine ni kubwa kuliko hiyo. Mwaka 2013 wanasaikolojia Carly Smith na Jennifer Freyd walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa kike waliotendewa ukatili wa kingono. Wale ambao taasisi yao iliwaangusha, ama kwa kutozuia kilichotokea au kwa kuwajibu vibaya walipotoa taarifa, walikuwa na wasiwasi na dalili nyingine za kiwewe kwa kiwango kikubwa zaidi. Kwa hiyo ofisi yenye bango zuri mlangoni na malalamiko yanayokaa kabatini mwaka mzima inamuumiza manusura mara ya pili, na mtumishi wa ofisi hiyo anakuwa sehemu ya maumivu hayo hata kama moyo wake ni safi.

Pamoja na hayo, siwezi kukubaliana na wanaosema kazi hii ni pambo tu. Kinga inayofanywa kwa umakini inafanya kazi, na ushahidi upo. Profesa Charlene Senn na wenzake walifuatilia wanafunzi wa kike 893 wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vitatu vya Kanada, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kundi moja lilipewa vipeperushi vya kawaida. Jingine lilipewa mafunzo ya saa 12, yakiwemo ya kutambua hatari kutoka kwa mtu unayemfahamu na kujihami kwa maneno na kwa mwili. Baada ya mwaka mmoja, waliobakwa walikuwa asilimia 9.8 katika kundi la vipeperushi na asilimia 5.2 katika kundi la mafunzo. Wapo wanaolalamika kwamba mafunzo ya namna hii yanambebesha mwanamke mzigo wa kosa la mwingine. Lalamiko hilo ni la haki, na jibu lake ni kuongeza kazi kwa upande wa wanaume na wa uongozi. Kuwanyima wasichana kinachowasaidia leo hakumpunguzii mtenda kosa chochote.

Kwa upande mwingine, mafunzo ya kuwahimiza mashuhuda waingilie kati, ambayo vyuo vingi huyapenda, yana mipaka. Mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2019 yalikuta kwamba yanaongeza vitendo vya kuingilia, ila hayakuona ushahidi kwamba yanapunguza vitendo vya wakosaji wenyewe. Mtaalamu anayejua haya atathubutu kumwambia mkuu wake kwamba semina moja ya saa mbili haitoshi.

Kinachowachosha wengi ni suala la usiri. Mwanafunzi anaingia, anafunga mlango, anasema: "Nina jambo, lakini usimwambie mtu." Kama cheo chako kinakulazimisha kuripoti kila unachosikia, inabidi umkatishe kabla hajasema zaidi, umweleze mipaka yako, kisha umwelekeze kwa mnasihi ambaye hana wajibu huo. Wengine huinuka wakaondoka, na hutawaona tena. Ndiyo maana naona ni kosa kumpa mtu mmoja kazi ya kutoa elimu, kunasihi na kupokea malalamiko kwa pamoja. Vyuo vyenye bajeti finyu hufanya hivyo na kuiita ufanisi.

Lipo pia suala la vipimo. Ofisi ikianza kuaminika, taarifa huongezeka, maana waliokuwa wamenyamaza wanaanza kusema. Kwa kiongozi anayetazama jedwali la mwisho wa mwaka, inaonekana kama chuo kimeharibika tangu uajiriwe. Hapo utafiti wa siri miongoni mwa wanafunzi unasaidia kuliko hesabu ya taarifa. Mwaka 2019 vyuo 33 vya Marekani vilipowauliza wanafunzi moja kwa moja, takriban mwanamke mmoja kati ya wanne wa shahada ya kwanza alisema amewahi kutendewa tendo la kingono bila ridhaa tangu ajiunge. Wengi wa hao hawakuwahi kukanyaga ofisi yoyote.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeitaka kazi hii ni aingie, ila si kwa masharti yoyote yale. Kwenye usaili aulize ripoti zake zitakwenda kwa nani, na kama mtu huyo ndiye pia msemaji wa chuo. Aulize mnasihi wa siri yupo au cheo kimoja kinabeba vyote. Aulize shauri la mwisho lililomhusu mhadhiri lilichukua muda gani kufika uamuzi. Aulize pia nani atamsikiliza yeye, kwa muda uliopangwa na kulipiwa, baada ya wiki nzima ya kusikiliza simulizi za ubakaji. Wakijibu yote kwa kusema kwamba wana sera nzuri sana, aombe kuonana na wanafunzi kabla ya kusaini.